Shubiri ya Mama na Chupa za Jemu

Kando ya kibanda cha kuku cha mama yangu, hapa Eldoret, palikuwa na shubiri tatu. Si ile Aloe vera inayouzwa mjini katika vyungu. Hii ni shubiri ya nyika, yenye majani manene na maua mekundu yanayochomoza juu ya kikonyo kirefu chenye matawi. Shangazi aliileta kutoka Baringo miaka mingi iliyopita. Wageni huisifu kwa maua, lakini mama aliipanda kwa sababu ya kuku. Akisikia kideri kimeingia mtaani, hukata jani, akaliponda na kulitia katika maji yao ya kunywa. (Chanjo pia huwapa, msije mkamlaumu.)

Shida ni kwamba kila jirani anataka mche, na mama hana cha kumpa. Shubiri za vyunguni huzaa vitoto pembeni. Hii, ambayo wataalamu huiita Aloe secundiflora, aghalabu husimama peke yake kama tasa. Mbegu zake huota, ila kumngojea mtoto huyo akue ni kazi ya miaka. Ndiyo maana wengi wakaona rahisi kwenda porini na jembe. Mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa shubiri za mwituni kwa biashara, na mwaka 2007 zikatolewa kanuni za kuruhusu biashara hiyo kwa leseni, pamoja na kuhimiza watu waipande mashambani. Lakini wapande miche ya wapi?

Mpwa wangu alidhani ana jibu. Yeye husomea bayoteknolojia Chepkoilel, kilomita 9 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya Ziwa. Tangu mwaka 2013 mahali hapo ni Chuo Kikuu cha Eldoret, ila wengi wetu jina la zamani halitutoki mdomoni. Likizo ya Desemba alimwambia bibi yake kwamba ncha moja changa, ikikuzwa chupani kwa njia ya tishu, yaweza kuzaa mamia.

"Na mti wenyewe, mjukuu wangu?" mama akauliza.

Kijana akanyamaza. Ncha hiyo ndiyo moyo wa shubiri. Ukiukata, huenda shina likachipua pembeni, huenda likaoza. Hatimaye mama akampa mmoja kati ya ile mitatu.

Kazi ikafanyiwa jikoni kwangu, kwa chupa za jemu na sufuria ya mvuke. Siku ya nne chupa mbili zilikuwa na ukungu mweupe kama pamba. Kosa lilikuwa langu, kwani nilifungua vifuniko nione kama kuna kilichoota. Nyingine zikageuka rangi ya chai ya rangi na vipande vikafa. Na kule nje shina likaoza.

Maabara hufanya mambo hayo kwa nidhamu. Kipande huoshwa kwa maji yanayotiririka, kisha kwa spiriti na dawa kama Jik, ndipo kikatwe mbele ya hewa iliyochujwa. Chakula chake hutengenezwa kwa chumvichumvi zilizopangwa na Murashige na Skoog mwaka 1962, pamoja na gramu 30 za sukari kwa lita, homoni kidogo, na agari ya kugandisha. Huchemshwa kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa robo saa hivi. Chakula hicho ni kitamu kwa ukungu kuliko kwa shubiri, na kijidudu kimoja chatosha kuharibu chupa nzima. Ile rangi ya chai nayo hutokana na shubiri yenyewe: ikijeruhiwa hutoa kemikali zinazoisumu, hivyo wataalamu hutia mkaa maalumu au vitamini C, na kuihamisha mara kwa mara.

Ikifaulu, hesabu inavutia. Kichipukizi kimoja kikitoa vitatu kila mwezi, baada ya miezi 6 ni 729. Hiyo ni hesabu ya daftari. Katika kuhamia udongoni wengi hufa, maana mche wa chupani haujawahi kuona jua wala upepo. Lazima ufunikwe kwa nailoni na kuzoeshwa polepole. Isitoshe, yote 729 ni ndugu wa damu moja, ugonjwa unaoua mmoja waweza kuua wote. Kwa hiyo mimi ningechanganya na miche ya mbegu.

Juzi kijana amerudi, kichwa chini, lakini ana habari. Amesoma kwamba mwaka 1995 watafiti walichapisha jinsi walivyoanzisha shubiri chupani kwa kutumia vikonyo vichanga vya maua. Kikonyo hukatwa, mti ukabaki hai, na mwaka ujao ukachanua tena.

Mama alimsikiliza hadi mwisho, akaenda kuzitazama zile mbili zilizobaki.

"Hazijachanua bado," akasema. "Zikitoa kikonyo nitakupigia simu. Na wewe," akanigeukia mimi, "usishike chupa yoyote."