Usinunue vitamini D kwa pesa za insulini

SWALI moja limezidi siku hizi katika kliniki za mjini. Mzazi aliye na mtoto mwenye kisukari huja na chupa aliyouziwa dukani na kuuliza: "Daktari, hii vitamini D itamfaa mwanangu?" Wengine wameambiwa itaimarisha mifupa ya mtoto. Wengine, na hawa ndio wanaonitia wasiwasi, wameahidiwa kwamba itaponya kisukari chenyewe.

Maoni yangu ni kuwa vitamini D ina kazi yake, lakini haifai kununuliwa kwa pesa za insulini.

Tukubali kwanza kwamba hofu ya wazazi kuhusu mifupa ina msingi. Kisukari cha watoto mara nyingi huwa kile cha aina ya kwanza, ambapo kongosho huacha kutengeneza insulini. Wengi wajua kuwa ugonjwa huu hudhuru macho na figo. Ni wachache wajuao kuwa hudhuru mifupa pia. Uchunguzi wa rekodi za wagonjwa nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka wa 2015, ulionyesha kwamba wenye kisukari cha aina hii huvunjika mifupa zaidi ya wenzao, tangu utotoni hadi uzeeni.

Sababu ni kwamba insulini haishushi sukari tu, bali pia husaidia chembechembe zinazojenga mfupa. Ikipungua, ujenzi huo huzorota. Isitoshe, sukari ikipanda mtoto hukojoa sana, na mkojo huo hutoka na madini ya kalsiamu ambayo mfupa unayahitaji. Sehemu kubwa ya mfupa wa binadamu hujengwa kabla hajatimiza miaka 20. Samaki mkunje angali mbichi. Kwa hivyo, dawa ya kwanza ya mifupa ya mtoto huyu ni insulini ya kutosha, kila siku.

Vitamini D nayo huuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu iliyo katika chakula. Bila hiyo, mtoto aweza kunywa maziwa na bado mifupa ikabaki laini, miguu ikapinda akapata matege.

Msomaji atasema Kenya haina uhaba wa jua. Ni kweli, Nairobi iko karibu na ikweta. Hata hivyo, matege huonekana miongoni mwa watoto wa mji huo huo, kwa kuwa jua lililo nje halimfai mtoto aliyefungiwa ndani ya nyumba ya ghorofa. Kioo cha dirisha huzuia miale inayotengeneza vitamini hii, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe.

Mtoto mwenye kisukari hukabiliwa na kizuizi kingine. Wakati wa michezo shuleni, huketishwa kando kwa kuogopa kwamba atazimia. Huku ni kumnyima jua pamoja na mazoezi, na kuruka na kukimbia huimarisha mifupa. Apimwe sukari kabla ya kucheza, awe na kitu kitamu karibu, kisha aachwe acheze na wenzake. Nyumbani apewe maziwa, mayai, na omena wanaoliwa na mifupa yao.

Je, nani anahitaji vitamini ya dukani? Ni mtoto anayeshinda ndani, anayefunikwa mwili wote, au asiyepata chakula cha kutosha. Mwenye maumivu ya mifupa, miguu iliyopinda, au aliyevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, aonwe na daktari. Kiasi cha kawaida ni yuniti 400 kwa siku kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, na 600 kwa aliyezidi hapo. Yuniti hizi si sawa na zile za insulini, mzazi asizichanganye. Kiasi kikubwa zaidi kiamuliwe na daktari baada ya kugundua upungufu.

Nasema hivi kwa sababu vitamini D ikizidi ni sumu. Kalsiamu hujaa katika damu, mtoto akaona kiu, akakojoa mno na kutapika. Dalili hizo zafanana na za sukari kupanda, na mzazi aweza kuongeza insulini bure na kumtia mtoto hatarini. Aidha, baadhi ya dawa za maji za vitamini zina sukari. Mafuta ya ini la samaki yana vitamini A pia, ambayo ikizidi hudhoofisha mifupa ile ile tunayotaka kuilinda.

Kuhusu madai ya kuponya, yamkini chanzo chake ni uchunguzi wa Finland uliochapishwa mwaka wa 2001. Watoto waliozaliwa mwaka wa 1966, wakapewa vitamini D mara kwa mara katika mwaka wao wa kwanza, hawakupata kisukari sana kama wengine. Lakini hao walipewa kabla ya kuugua. Vitamini hii haichukui nafasi ya insulini kwa mtoto ambaye tayari anaugua. Akiikosa insulini, aweza kufariki katika muda wa siku chache.

Lawama si ya wazazi peke yao. Sisi madaktari tumezoea kuuliza sukari ni ngapi na kumwita mgonjwa anayefuata. Tuulize pia juu ya mifupa, mtoto anakula nini na hucheza wapi, tusiliachie duka kazi ya kushauri. Mzazi naye apange pesa zake hivi: insulini, stripu za kupimia sukari, chakula, kisha vitamini iwapo daktari ameiagiza. Jua na uwanja wa kuchezea havina bei.