Wasanifu Majengo Wafunzwe Barazani

Hivi majuzi nilisimama mbele ya darasa jipya katika shule moja ya msingi, si mbali na Msambweni, nikapigwa na butwaa. Darasa lenyewe ni zuri: kuta zimenyooka na mabati yanang'aa. Kando ya ngazi imejengwa njia ya mteremko kwa ajili ya wanafunzi wanaotumia viti vya magurudumu. Lakini njia hiyo ni fupi mno, tena imeinama mithili ya paa. Mwalimu mmoja alinieleza kwa unyonge kwamba mtoto aliyekusudiwa hubebwa mgongoni na wenzake kila asubuhi, na kiti chake huachwa chini ya mwembe.

Tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Kipimo kinachotumiwa sana na wasanifu ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kwenda juu hudai sentimita 12 za kwenda mbele. Upande wa mlango, sakafu ile imeinuka yapata sentimita 45. Njia ilipasa kuwa na urefu wa mita 5.4. Niliyoiona haikufika mita 2. Aliyeinua sakafu hakukosea, kwani mvua za masika zina mambo yake. Ila nyuma ya darasa ardhi imepanda hadi karibu usawa wa sakafu. Mlango ungalifunguliwa upande huo, njia ya mteremko isingalihitajika kabisa!

Sheria tunazo. Ile ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 iliwapa wamiliki wa majengo ya umma miaka 5 ya kuyarekebisha, tangu kifungu hicho kianze kutumika. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kikatoa haki ya kufika mahali pote, na mwaka 2025 sheria mpya ikachukua nafasi ya ile ya kwanza. Sheria, hata hivyo, haishiki mwiko wala timazi.

Kwa maoni yangu kasoro huanzia mbali zaidi, katika vyumba vya kuchorea vya vyuo vyetu. Usanifu majengo umefunzwa Nairobi tangu mwaka 1956, zama za Royal Technical College. Je, ni wanafunzi wangapi wa fani hiyo waliokwisha kukaa siku nzima na mtu ambaye ngazi tatu kwake ni mlima? Huko Alabama, Marekani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn wamekuwa tangu 1993 wakiishi mashambani chini ya mpango uitwao Rural Studio, wakichora na kujenga kwa mikono yao nyumba za maskini na majengo ya umma. Sioni kwa nini Kwale isiwe darasa la namna hiyo.

Wala wasije kutufunza tu, waje kujifunza. Nyumba ya Kiswahili ina baraza, mahali pa kumkaribisha mpita njia bila kumwingiza ndani. Lakini baraza hilo hilo huinuka, na mzee ambaye magoti yamemwacha huwekewa kiti chini, mavumbini, akazungumza na wenzake huku ameinua shingo. Mila nayo ina ngazi zake. (Na hapo sijagusa makuti, ambayo huko Diani huwapoza wageni wa mahoteli ilhali watoto wetu wanaokwa chini ya mabati.)

Nitaambiwa fedha hazitoshi. Nakubali, lakini hata njia ile isiyopitika ilikula saruji. Aliyekosekana ni mtu wa kumwuliza mtoto, kisha kuuzunguka uwanja kwa miguu kabla ya kushika kalamu. Kazi hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili aiweza, akiwa na mwalimu wa kumwongoza na nauli ya kumfikisha.

Mtoto yule anakua. Wanaombeba wameanza kunong'ona kwamba amekuwa mzito.