Mtihani wa Marekani hautoshi kwa Beni

Mwaka 2022, Med-PaLM, programu ya akili bandia ya Google, ilipata zaidi ya asilimia 67 katika maswali ya aina ya mtihani wa leseni ya waganga wa Marekani. Mwaka uliofuata, Med-PaLM 2 ikafikia 86,5. Vizuri, lakini huo ni mtihani wa Marekani.

Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola iliua watu 2287 mashariki mwa Kongo. Beni na Butembo zilizika wengi. Mwanzoni dalili zake zilifanana na za malaria. Tena mgonjwa haji na majibu manne ya kuchagua: anaeleza maumivu yake kwa Kinande, au kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa.

Kitivo cha udaktari cha Université catholique du Graben, Butembo, kitunge maswali yake, kabla muuguzi wa kijijini hajaanza kuiamini simu.