Mbolea ya Ruzuku na Safari ya Mama

Katika mdahalo wa muhula huu mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama akasema kwamba ruzuku ya Serikali yawadekeza wakulima, na kwamba afadhali fedha hizo zijenge viwanda. Alipigiwa makofi mengi. Mimi nilinyosha mkono, lakini kengele ya chakula ikalia, na kengele hiyo haina mpinzani hapa shuleni. Basi naomba nijibu katika gazeti letu hili.

Tukumbuke kwanza ruzuku hiyo ilikujaje. Mbolea nyingi tunayotumia huagizwa kutoka ng'ambo. Mwaka 2021 bei yake ilianza kupanda duniani, na vita vya Urusi na Ukraine vilipozuka Februari 2022 ikazidi. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia, ile iitwayo DAP, ukapita shilingi 130,000. Serikali ikatenga shilingi bilioni 150, na siku ya Nane Nane mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua ruzuku mjini Mbeya. Mfuko ukashuka hadi shilingi 70,000. Mwaka huo huo Serikali ilitoa pia bilioni 100 ili kupunguza bei ya mafuta ya magari. Sikusikia mtu akisema kwamba madereva wanadekezwa.

Kwa hiyo mimi naiunga mkono ruzuku. Neno langu ni juu ya njia yake ya kumfikia mkulima.

Kijiji chetu kiko milimani, Wilaya ya Mbinga. Wakala alikuwa mjini. Mama alikwisha andikishwa katika daftari la wakulima na namba yake alikuwa nayo. Mwisho wa Novemba 2022 akapanda gari, nauli shilingi 8,000 kwenda na kurudi. Akapanga foleni tangu alfajiri. Saa tisa wakaambiwa mtandao umekatika, warudi wiki ijayo. Akarudi mikono mitupu. Safari ya pili alipata mifuko miwili, akalipa nauli tena, na shilingi 10,000 za kuibeba. Pigeni hesabu: kila mfuko ulimfikia nyumbani kwa shilingi 83,000. Bado ni nafuu kuliko 130,000, sikatai. Lakini mvua haikumngoja. Mbolea ya kupandia ilifika mahindi yamekwisha ota, nasi tukaifukia kando ya miche kwa vijiti, mimi na wadogo zangu, siku tatu. Shamba lililotupa magunia kumi na manane mwaka uliotangulia likatupa kumi na moja. Katika magunia hayo ndimo hutoka nauli yangu ya kuja shuleni, madaftari na sabuni.

Baba husema afadhali namba kuliko vocha zilizoanza mwaka 2008. Wakati ule mkulima alitakiwa kuongeza karibu nusu ya bei, na wasio na nusu hiyo wako waliouza vocha zao kwa bei ya chumvi.

Maoni yangu ni kwamba yafaa sehemu ya fedha za ruzuku ilipie gari la kufikisha mbolea katani, hata kama mifuko itapungua kidogo. Pale ambapo chama cha msingi cha ushirika kina ghala, kipewe kazi hiyo. Tena mbolea iwe ghalani mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua. Na mtandao ukikatika, jina la mkulima liandikwe kwa kalamu mbele ya mtendaji wa kijiji, apewe mfuko wake, hesabu ifuate baadaye. Najua watu wadanganyifu wako. Lakini mtendaji na jirani wanatujua kwa majina na mipaka ya mashamba yetu.

Mtihani wetu wa Taifa huwa mwezi wa Novemba, na mwezi huo huo mama hufuata mbolea. Safari hii mimi nitakuwa chumba cha mtihani, na mdogo wangu anayebaki nyumbani ana miaka kumi. Mfuko wa kilo 50 hauwezi.