Maji ya Malambo Yapimwe

Wako watakaocheka wakiona kwamba tahariri ya leo inazungumzia vyura. Walicheka vivyo hivyo walipoambiwa habari za chura wa Kihansi, yule mdogo aliyegunduliwa mwaka 1996 katika maporomoko ya mto huo, akatangazwa kutoweka porini mwaka 2009, na kurejeshwa kwao kuanzia mwaka 2012 baada ya kutunzwa na kuzalishwa Marekani. Kicheko hicho kililigharimu taifa. Hatupendi kirudiwe katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako jambo lenyewe linagusa maji ya kunywa ya wananchi.

Kila mwalimu wa sayansi amekwisha kuwafundisha watoto jinsi kiluwiluwi anavyogeuka kuwa chura. Lililo muhimu zaidi ni kile kinachomgeuza. Mwaka 1912 mtaalamu Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya koo ya farasi, nao wakaota miguu na kupoteza mikia kabla ya wakati wao. Homoni ya tezi hiyo ndiyo inayoamuru mabadiliko yote, nayo ni ile ile iliyomo katika koo la binadamu. Tena, katika miaka ya 1930 huko Cape Town, Lancelot Hogben alionyesha kwamba chura jike mwenye kucha akidungwa homoni za tezi ya pituitari hutaga mayai, na kwa miaka mingi hospitali za nchi nyingi zikamtumia chura huyo kupima mimba za wanawake: alidungwa mkojo wa mama, na akitaga baada ya saa chache, mama alikuwa mjamzito. Basi mwenye kusema kwamba yanayompata chura hayatuhusu sisi ajibu kwanza hoja hiyo.

Kuna kemikali ambazo zikiingia majini hujifanya homoni, au huzuia homoni za kweli zisifanye kazi yake. Mwaka 2002 Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California alitangaza kwamba atrazini, dawa ya kuua magugu katika mahindi, iliwafanya viluwiluwi wa kiume wa chura huyo mwenye kucha waote viungo vya uzazi vya kike pia, hata dawa ilipokuwa sehemu moja tu katika sehemu bilioni kumi za maji. Mwaka 2010 akaonyesha kwamba baadhi ya madume waliokulia katika dawa hiyo waligeuka kuwa majike wenye kutaga. Kampuni inayoitengeneza ilimpinga kwa nguvu, na wakaguzi wa Serikali ya Marekani hawakukubaliana naye. Mabishano hayo hayajaisha. Hata hivyo Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2004 kuiondoa atrazini mashambani, kwa sababu ilikuwa ikionekana katika maji ya chini ya ardhi kupita kiwango kilichowekwa. Haukungoja mabishano ya vyura yaishe.

Sasa tutazame kwetu. Shinyanga ni nchi ya pamba. Kwa miaka mingi funza wa vitumba walipigwa kwa DDT na baadaye kwa endosulfani, dawa ambazo dunia imekwisha kukubaliana kuziondoa kwa Mkataba wa Stockholm, ya pili ikiongezwa mwaka 2011. DDT hukaa ardhini miaka mingi, na inajulikana kuiga homoni ya kike. Mvua za kwanza zinapoanguka, udongo wa mashamba hutiririka hadi kwenye malambo na majaruba ya mpunga, na hiyo ndiyo miezi ile ile vyura wanapotaga. Dawa mpya nazo hupulizwa kabla mvua hazijakatika. Na ni nani asiyejua kwamba mabomba ya kupulizia huoshwa lamboni, mahali ambapo ng'ombe wanakunywa na akina mama wanachota?

Geita ina balaa lake. Wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma hewani, na marudio yenye zebaki huachwa kandokando ya mito na madimbwi. Rwamagasa ilikwisha kuchunguzwa na wataalamu wa nje na ndani zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba viluwiluwi waliolishwa zebaki katika chakula chao walikufa kwa wingi, wengine wakapata ulemavu, na wengine wakashindwa kugeuka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, nasi tunaipongeza Serikali kwa hilo. Lakini mchimbaji anahitaji njia nyingine ya kukamatia dhahabu yake. Kumhubiria peke yake hakutoshi.

Bomba la Ziwa Victoria lililofika Kahama na Shinyanga mwaka 2009 limewaokoa wengi. Vijiji vilivyo mbali nalo bado vinategemea lambo na kisima kifupi. Kwa hiyo tunazitaka bodi za maji za mabonde, pamoja na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, zisipime maji hayo kwa tope na vijidudu tu. Zipime na masalia ya viuatilifu na zebaki, katika maji na hasa katika matope ya chini, na matokeo yabandikwe katika ofisi ya kijiji kwa Kiswahili kinachosomeka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imewapa viongozi uwezo wa kutosha. Maofisa ugani wa pamba nao wahakikishe kila kijiji kina mahali pa kuoshea mabomba, mbali na maji.

Walimu wanaweza kuanza bila kungoja fedha. Wanafunzi wahesabu viluwiluwi wa lambo moja kila wiki, waandike wangapi wana miguu iliyopinda au wamechelewa kugeuka, na daftari hilo lipelekwe kwa ofisa mazingira wa wilaya. Mvua za Novemba zisitukute hatujaanza.