Rejista za Shule Zisiozee Ndani ya Kompyuta

Upo usemi ambao katika shule nyingi umegeuzwa kuwa ngao ya uzembe: “Programu bado inafanya kazi, ya nini kuibadilisha?” Hayo husemwa juu ya hifadhidata, yaani programu ya kompyuta inayotunza majina ya wanafunzi, mahudhurio, michango na matokeo ya mitihani. Wasemao hivyo hujiona kuwa wanalinda fedha za shule. Kwa hakika wanalimbikiza deni litakalolipwa na wengine.

Mfano ni Microsoft Access, programu iliyoenea sana maofisini. Toleo la 1997 lilihifadhi kumbukumbu kwa muundo wake. Toleo la 2013 lilipotoka, halikuweza tena kuufungua muundo huo. Aliyekuwa na rejista za 1998 alilazimika kwanza kutafuta toleo la 2010 au la kabla yake ili azigeuze. Na hilo la 2010 liliacha kupata marekebisho ya usalama Oktoba 2020. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanafunzi wa miaka ile akija leo kuomba uthibitisho wa masomo yake, ataambiwa nini? Kwamba kompyuta imekataa?

Lakini wapo pia wanaolipokea kila toleo jipya kwa shangwe, kwa kuwa tu mchuuzi amelisifu. Hao nao hawana budi kupingwa. Kubadili programu katikati ya muhula bila nakala ya akiba ni kucheza kamari kwa mali ya watu. Kumfundisha mtu mmoja tu ni kosa jingine, kwani siku atakapohamishwa ataondoka na ujuzi wote.

Uamuzi wa haki hauanzi dukani. Huanza kwa maswali matatu. Je, toleo linalotumika bado linapata marekebisho ya usalama? Je, kumbukumbu zote zaweza kutolewa kwa muundo unaosomwa na programu nyingine? Je, wapo watumishi wawili wanaoimudu kazi hiyo? Jibu la swali la kwanza likiwa hapana, kubadili si hiari tena. La pili au la tatu likiwa hapana, kasoro hiyo irekebishwe kwanza. Kisha nakala iwekwe nje ya jengo na ijaribiwe kurejeshwa, na programu zote mbili zitumike sambamba kwa muhula mmoja kabla ya kuizima ya zamani.

Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka mwenye kutunza taarifa za watu azilinde. Rejista si mali ya Mkuu wa Shule, wala ya muuza programu. Ni amana ya mwanafunzi. Kiongozi anayeiacha ipotee kwa uvivu hana tofauti na mtunza ghala aonaye paa linavuja, akasema mvua bado haijanyesha.