AI hospitalini: wahudumu wafunzwe nini hasa?

Leo naweka kando mambo ya programu za simu, tuzungumze habari za hospitali.

Siku hizi semina za afya zimejaa akili unde, au AI kama wengi tunavyoiita. Wauguzi na maafisa wa kliniki wanaonyeshwa jinsi ya kuandika swali, jibu linatokea, makofi yanapigwa, vyeti vinatolewa, basi. Mimi riziki yangu ni kuandika programu, na nasema wazi: huko si kumfunza mtu AI, ni kumfunza kubonyeza.

Mhudumu anatakiwa ajue lini aiamini mashine na lini aikatalie. Hilo halihitaji digrii ya tarakilishi. Linahitaji hesabu ya shule ya msingi.

Chukua mfano huu wa kubuni. Programu inasoma picha za kifua kutafuta ugonjwa fulani. Muuzaji anasema inapatia mara 90 kwa 100, awe mgonjwa au mzima. Inavutia, sivyo? Sasa ipeleke mahali ambapo mtu 1 kati ya 100 ndiye mwenye ugonjwa huo. Wakija watu 1,000, wagonjwa ni 10, na mashine itawanasa 9. Lakini kati ya wazima 990 itawasingizia 99. Jumla imewanyooshea kidole watu 108. Yaani kati ya kila 12 wanaoambiwa ni wagonjwa, 11 ni wazima! Muuzaji hakudanganya. Ila muuguzi asiyejua hesabu hii atawatisha watu bure, kisha atachoshwa na kengele za uongo na kuzipuuza zote, hata ile ya kweli.

Msidhani ni nadharia tu. Kule Marekani, programu ya kampuni ya Epic ya kutabiri sepsisi ilikuwa imeenea katika mamia ya hospitali. Mwaka 2021, watafiti wa Michigan wakachapisha matokeo ya kuipima kwenye hospitali yao wenyewe. Ilikosa kuwatambua asilimia 67 ya wagonjwa wa sepsisi, na bado ikapiga kengele kwa asilimia 18 ya wote waliolazwa.

Tuje nyumbani. Mwaka 2025, kliniki 15 za Penda Health hapa Nairobi zilijaribu chombo cha AI kilichotumia teknolojia ya OpenAI. Kinafuata anachoandika mhudumu na kuwasha rangi: kijani, manjano au nyekundu. Uamuzi unabaki kwa mhudumu. Katika ziara 39,849 za wagonjwa, makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13.

Kinachonivutia ni hiki: mwanzoni chombo kilikuwepo, lakini tofauti haikuonekana sana. Ilionekana baada ya wahudumu kufuatiliwa, kuelekezwa na wenzao na kuonyeshwa namna wanavyokitumia. Programu pekee haikutosha, watu walifunzwa.

Na mhudumu aliyefunzwa angeisoma hata ripoti hiyo kwa jicho kali. Angeona kwamba walioiandika ni Penda na OpenAI wenyewe. Angeona pia kwamba wagonjwa walipoulizwa kama wamepata nafuu, tofauti kati ya makundi mawili haikuthibitika kitakwimu. Hilo halifuti matokeo mazuri, bali linayaweka mahali pake.

Kuna atakayesema wahudumu wana foleni ndefu, tusiwaongezee somo. Lakini AI tayari iko kwenye simu za wanafunzi wao. Heri wafunzwe chuoni, kwa mitihani, kuliko kufunzwa na muuzaji kwa saa mbili. Maswali ya kuanzia ni manne: Mashine hii ilifunzwa kwa data za wagonjwa gani? Hapa kwetu ugonjwa huu unawapata wangapi kati ya 100? Ikikosea, hukosea upande upi? Na jina la mgonjwa nikiliandika humo, linakwenda wapi? Hilo la mwisho ni la kisheria, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti.

Majirani zetu Watanzania husema, akili ya kuambiwa changanya na yako. Wewe mwanafunzi wa uuguzi unayesoma hapa, umewahi kufunzwa hesabu ile ya watu 108?